Majina ya Watoto na Haki ya Kutaja Katika Mwambao wa Afrika Mashariki

Kuvuma na kufifia kwa majina ya watoto aghalabu huelezwa kuwa ni suala la mtindo tu: kizazi kimoja hupenda jina, kizazi kifuatacho hulichoka. Historia ya mwambao wa Afrika Mashariki yaonyesha sababu iliyo nzito zaidi. Huko yafaa iulizwe kwanza, si jina gani lililopendwa, bali ni nani aliyekuwa na haki ya kulitoa.

Katika karne ya 19 mtu aliyetekwa bara na kuuzwa pwani aliweza kupoteza hata jina alilopewa na wazazi wake. Bwana alimpa jingine. Baadhi ya majina hayo yalikuwa ya vito, kama Almasi, Feruzi na Marjani. Mengine yalikuwa ya heri, kama Mabruki na Baraka. Kwa sikio ni majina mazuri. Hata hivyo, almasi ni mali, na mali ina mwenyewe. Waungwana, kwa upande wao, walitajwa kwa nasaba. Mwana Kupona binti Msham, aliyetunga utenzi wake mwaka 1858, anabeba katika jina lake mambo matatu: heshima ya “Mwana”, jina lake mwenyewe, na baba anayejulikana. Mtumwa aliyekatwa na ukoo wake hakuwa na “bin” wala “binti” ya namna hiyo.

Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873. Hadhi ya utumwa ikaondolewa kisheria Unguja na Pemba mwaka 1897, na katika pwani ya Kenya mwaka 1907. Lakini uhuru wa mwili haukuleta mara moja uhuru wa jina. Huko Freretown, kituo cha wamisionari kilichoanzishwa karibu na Mombasa mwaka 1875, watu waliokombolewa walibatizwa kwa majina ya Biblia na ya Kiingereza. Mtoaji wa jina alibadilika. Desturi ya kupewa jina na mwenye mamlaka ilibaki.

Mfano ulio wazi kabisa wa mageuzi hayo ni wa mwimbaji mashuhuri wa taarabu aliyezaliwa Fumba, Unguja, yapata mwaka 1880. Utotoni aliitwa Mtumwa. Ulimwengu ulikuja kumjua kwa jina la Siti binti Saad, na kwa jina hilo Shaaban Robert aliandika wasifu wake. Siti maana yake ni bibi mwenye heshima. Kati ya jina la kwanza na la pili umo umbali wote ambao jamii nzima ilikuwa ikijaribu kuuvuka.

Hata hivyo, mtafiti hana budi kuwa na hadhari. Juma na Hamisi, Rajabu na Shaabani, ni majina ya siku na miezi yaliyotumiwa na waungwana na watumwa vilevile. Jina peke yake si ushahidi wa asili ya mtu, na kulitumia hivyo ni kufufua dharau ambayo wazee walijitahidi kuizika.

Suala hili halijaisha. Katika majina kama Mwanaisha, Mwanahamisi na Mwajuma, Kiswahili kilipokea neno la Kiarabu kikalivika heshima yake chenyewe. Mzazi anayechagua Aisha mahali pa Mwanaisha hafanyi kosa lolote. Lakini kiungo hicho cha “Mwana” kinapoachwa, unatoweka ushahidi wa jinsi lugha ilivyoifanya dini kuwa ya nyumbani. Kwa hiyo haitoshi kuorodhesha majina na kuyahesabu. Yapasa yaandikwe pamoja na habari za aliyeyatoa na sababu yake, maadamu wangali hai wazee wanaoweza kueleza kwa nini bibi zao waliitwa vile, na kwa nini wajukuu wao hawakuitwa hivyo tena.