Kilema, Mlemavu, Mwenye Haki: Sheria za Matibabu na Watu Wenye Ulemavu nchini Kongo

Katiba ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, iliyotangazwa tarehe 18 Februari 2006, ina ibara tatu ambazo wataalamu huzichunguza kila mmoja upande wake. Ibara ya 47 huwa mikononi mwa waganga, maana inasema kwamba haki ya afya imehakikishwa. Ibara ya 49 ni ya wanasheria: inawapa wazee na watu wenye ulemavu haki ya kulindwa kwa hatua za pekee, kulingana na mahitaji yao ya mwili, ya akili na ya utu. Ibara ya 142 ni ya wanaisimu, kwa kuwa inaiamuru Serikali kueneza kila sheria, ndani ya siku 60 tangu itangazwe, kwa Kifaransa na kwa kila mojawapo ya lugha nne za taifa, yaani Kikongo, Kilingala, Kiswahili na Kiluba. Lakini kwa mama wa Bukavu anayembeba mgongoni mtoto aliyepooza miguu, ibara hizo tatu ni jambo moja. Mtoto ana haki ya kutibiwa. Ana haki hiyo kwa namna inayolingana na hali yake. Na mama hataweza kuidai mbele ya dirisha la hospitali iwapo hajapata kuisikia katika lugha anayoifahamu. Ibara hizo zimechelewa sana kukutana katika ukurasa mmoja, na historia yaonyesha sababu.

Sheria za afya katika Kongo hazikuanza na mtu mgonjwa. Zilianza na ugonjwa. Mwanzoni mwa karne ya 20 malale ilikuwa ikiangamiza vijiji vizima kandokando ya mito, na utawala wa Leopold II ukawaita wataalamu wa Chuo cha Magonjwa ya Nchi za Joto cha Liverpool. Dutton na Todd walifanya utafiti wao tangu 1903 hadi 1905. Dutton mwenyewe hakurudi kwao: alifariki Kasongo, katika Maniema, mwaka 1905, kwa homa ya kupe aliyokuwa akiichunguza. Mashauri ya wataalamu hao yakawa msingi wa kanuni zilizofuata. Watu walipimwa kwa kupapaswa tezi za shingo. Aliyeonekana ana dalili alitengwa katika kambi ya wagonjwa. Na aliyetaka kutoka eneo moja kwenda jingine alitakiwa awe na cheti cha mganga. Kwa jicho la sheria hizo, Mkongo alikuwa mbebaji wa vijidudu, au mkono wa kazi uliopaswa kuokolewa usipotee. Hakuwa mtu anayeweza kuuliza atatibiwaje, wala kukataa.

Hapo ndipo pana jambo ambalo vitabu vya kusifu utabibu wa kikoloni hulipita haraka. Dawa iliyotumika kwanza, atoksili, ilitokana na zarniki, na ilipozidi kiasi iliharibu neva ya jicho. Triparsamidi, ambayo Dkt. Louise Pearce wa Taasisi ya Rockefeller alikuja kuijaribu mjini Léopoldville mwaka 1920, iliwaponya wengi waliokwisha kukata tamaa, kwani iliweza kuufikia ugonjwa hata ulipokwisha kuingia katika ubongo. Hata hivyo nayo ilikuwa na hatari ileile kwa macho. Kwa hiyo walikuwako watu walioingia kambini wakiwa wagonjwa wenye kuona, wakatoka wakiwa wazima vipofu. Katika hesabu ya kampeni walihesabiwa miongoni mwa waliopona. Hesabu hiyo haikuwa ya uongo. Ugonjwa uliotajwa na sheria ulikuwa umeondoka kweli. Lakini kwa upofu ulioletwa na tiba yenyewe hapakuwa na safu katika daftari, na mzigo wa kumwongoza kipofu njiani ukarudi kwa ukoo wake.

Mlango wa pili wa sheria ulikuwa kazi. Katika Katanga, Union Minière ilipoanza mwishoni mwa miaka ya 1920 kuwaweka wafanyakazi kambini pamoja na wake na watoto wao badala ya kuwachukua kwa miezi michache na kuwarudisha, ilijikuta ikihitaji hospitali, wakunga na mizani ya kupimia watoto. Mchimbaji aliyevunjika mguu chini ya ardhi alitibiwa, na katika miaka ya 1940 amri za kikoloni zikaweka fidia kwa ajali za kazini na kwa magonjwa yaletwayo na kazi. Baada ya uhuru, amri-sheria ya tarehe 29 Juni 1961 ikaunda utaratibu wa akiba ya jamii na taasisi yake, INSS, iliyoitwa CNSS baada ya sheria mpya ya 2016. Ulemavu ukapata thamani iliyoandikwa: mkono kiasi fulani, jicho kiasi fulani, uwezo wa kufanya kazi uliopungua kwa sehemu fulani ya mia.

Utaratibu huo ulikuwa na manufaa, na wajane na mayatima wengi walikula kwa sababu yake. Kasoro yake ni kwamba uliuangalia ulemavu kwa mlango wa kiwanda tu. Mfano ulio wazi kuliko yote ni ule wa konzo, ugonjwa ambao Dkt. Trolli aliueleza kwa maandishi mwaka 1938 kutokana na habari za Kwango. Mtu hulala mzima, akaamka miguu imekakamaa, na haiponi tena. Chanzo chake ni mihogo michungu isiyolowekwa vya kutosha, hasa wakati wa njaa au wa haraka ya kuuza, pamoja na upungufu wa vyakula vyenye protini. Anayepatwa zaidi ni mtoto na mwanamke wa shambani, yaani wale wasio na tajiri wala namba ya bima. Jiwe likimwangukia mume mgodini, sheria ilimtambua. Muhogo ukimlemaza mke, sheria haikumjua. Na hata huyo mume, ulinzi wake ulitegemea uhai wa kampuni. Gécamines, iliyorithi migodi na hospitali za Union Minière, ilianza kudidimia katika miaka ya 1990, na mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliachishwa kwa mpango ulioitwa wa hiari. Waliokuwa wakitibiwa kwa kadi ya kampuni wakajifunza siku hiyo kwamba walichokuwa nacho kilikuwa neema ya mwajiri. Hakikuwa haki ya raia.

Waliobaki nje ya milango yote miwili hawakukaa bure. Vizazi vya watoto waliopooza kwa polio walikua wakajitafutia njia. Mjini Kinshasa wengi wao waliingia katika biashara ya kuvuka mto kwenda Brazzaville, kwa kuwa walipunguziwa nauli ya kivuko, na baiskeli zao za magurudumu matatu zikawa magari ya mizigo. Punguzo la nauli likawa, kwa namna ambayo hakuna mtunga sheria aliyeikusudia, sera ya kijamii iliyofanya kazi kuliko nyingi zilizoandikwa. Huku mashariki, matibabu ya viungo, utengenezaji wa magongo na shule vilishikwa zaidi na mashirika ya kanisa. Majina ya vituo hivyo yastahili kutazamwa na wenye kupenda lugha: Heri Kwetu mjini Bukavu, Shirika la Umoja mjini Goma. Hospitali za serikali ziliandikwa mlangoni kwa Kifaransa. Nyumba ambamo mlemavu alipokewa kweli ilikuwa na jina la Kiswahili.

Suala la majina halikuishia kwenye vibao vya milangoni. Kiswahili cha zamani kiliwaweka watu hawa katika ngeli ya KI-VI: kipofu, kiziwi, kiwete, kilema. Lubumbashi husema bilema kwa wingi, kwa kuwa huko bi- imeshika nafasi ya vi-. Kilingala kimefanya vivyo hivyo kwa ebosono, wingi wake bibosono, katika ngeli iliyo ndugu wa KI-VI. Wako waliotoa hukumu ya haraka kwamba Wabantu walimhesabu mlemavu kuwa kitu. Hukumu hiyo haisimami vizuri. Kiongozi naye yumo katika KI-VI, pamoja na kijana na kinyozi, na hakuna aliyedai kwamba kiongozi ni kitu. Tena upatanisho wa sentensi humrudishia kila mmoja utu wake, kwani husemwa kipofu yule amefika, si kipofu kile kimefika. Lililo kweli ni kwamba majina hayo humtaja mtu kwa upungufu wake peke yake, na neno kilema lilikwisha kubeba pia maana ya kasoro au dosari. Tanzania, ilipotunga mwaka 1982 sheria zake mbili, moja ya ajira na nyingine ya matunzo, tayari ilikuwa ikitumia neno mlemavu, lililo katika ngeli ya watu. Kufikia sheria ya 2010 usemi wa watu wenye ulemavu ulikuwa umekwisha kuenea: mtu kwanza, ulemavu baadaye. Kifaransa cha Kongo nacho kilipita njia iyo hiyo kutoka infirme hadi handicapé, na kutoka handicapé hadi personne vivant avec handicap.

Mabadiliko hayo ya maneno yalikwenda sambamba na mabadiliko ya sheria za dunia. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu ulipitishwa tarehe 13 Desemba 2006, ukaanza kutumika tarehe 3 Mei 2008, na Kongo ikajiunga nao tarehe 30 Septemba 2015. Ibara yake ya 25 yahusu afya. Inataka mlemavu apate huduma za ubora uleule wapatao wengine, bure au kwa bei anayoiweza. Zipatikane karibu na watu wanakoishi, hata mashambani. Na mganga asimtibu bila ridhaa yake, iliyotolewa kwa hiari baada ya kuelezwa. Ukiwekwa mbele ya kambi za malale, huo ni upinduzi mzima: yule aliyepapaswa shingo bila kuulizwa sasa lazima aulizwe.

Aulizwe kwa lugha gani, ndilo swali. Katika hospitali nyingi za Kivu na Katanga, mgonjwa na muuguzi huzungumza Kiswahili, lakini karatasi hujazwa kwa Kifaransa, na anayetia sahihi au alama ya kidole hutia juu ya maneno asiyoyasoma. Hali ya kiziwi ni nzito zaidi. Elimu ya viziwi katika sehemu hii ya Afrika yadaiwa sana na Andrew Foster, Mmarekani mweusi aliyekuwa kiziwi mwenyewe, aliyefungua shule yake ya kwanza nchini Ghana mwaka 1957, akaendelea katika nchi nyingi, Zaire ikiwamo, mpaka alipofariki katika ajali ya ndege nchini Rwanda mwaka 1987. Alikuja na alama za mikono za Marekani, na katika nchi zetu zikafungamanishwa na Kifaransa cha darasani. Basi hutokea kwamba kijana kiziwi anazo alama zenye kuegemea Kifaransa, mama yake ana Kiswahili, na kati yao hakuna anayeweza kumfasiria mwenziwe maneno ya mganga. Ridhaa inayodaiwa na mkataba haipatikani hapo hata kama dawa iko, na mganga ni mwema.

Ibara ya 49 ya Katiba iliahidi sheria ya kuitekeleza. Ahadi hiyo ilingoja miaka 16. Mwaka 2019 Serikali iliunda kwa mara ya kwanza wizara yenye dhamana ya watu hawa, chini ya Irène Esambo, na Sheria Na. 22/003, ya kulinda na kuendeleza haki za mtu anayeishi na ulemavu, ikatangazwa tarehe 3 Mei 2022, siku na mwezi uleule ambao mkataba wa dunia ulianza kutumika. Katikati ya ngojeo hilo ilikuwa imepita sheria ya jumla ya afya ya umma, ya tarehe 13 Desemba 2018. Tanzania nayo ilikuwa na deni lake la lugha: ilingoja hadi 2021 ndipo bunge lake likafanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria, ingawa lilikuwa likijadili kwa Kiswahili kwa miongo mingi.

Kwa hesabu ya ibara ya 142, siku 60 za sheria ya Kongo zilitimia tarehe 2 Julai 2022. Mfasiri wa Kiswahili anayeishika sheria hiyo hukwama kwenye kichwa chake kabla hajafika ibara ya kwanza. Akifuata Kifaransa neno kwa neno, ataandika mtu anayeishi na ulemavu, usemi unaofanana na ule wa watu wanaoishi na virusi vya ukimwi, kana kwamba ulemavu ni mgeni aliyeingia nyumbani. Akiandika mlemavu ataeleweka kutoka Kalemie hadi Beni, lakini atakuwa ameirudisha sheria nyuma ya maandishi yake. Kuna mwenye ulemavu. Kiambishi hicho cha -enye ndicho kilichomo katika mwenye nyumba, mwenye shamba na mwenye haki. Humweka mtu kuwa bwana wa jambo linalotajwa. Huko sokoni Kenya, mtaa wa Lubumbashi, bado watu watasema kilema, na mfasiri hana budi kuliandika neno hilo nalo, walau mara moja, katika maelezo ya mwanzo, ili anayeitwa hivyo ajue kwamba sheria inamzungumza yeye.