Seli Zikataazo Kufa

Mwili wa binadamu umejengwa kwa seli, chembe hai ndogo mno zisizoonekana ila kwa hadubini. Seli moja hugawanyika zikawa mbili, na mbili zikawa nne. Ndivyo mtoto akuavyo, na ndivyo jeraha lipatavyo kupona. Je, zaweza kugawanyika hivyo daima? Kwa muda wa miaka hamsini hivi wataalamu walisadiki kwamba zaweza, nao walikosea.

Aliyewasadikisha ni Alexis Carrel, daktari mpasuaji Mfaransa aliyefanya kazi mjini New York. Mwaka wa 1912, mwaka uleule aliopata Tuzo ya Nobel, alitwaa kipande cha moyo wa kifaranga kilichokuwa bado ndani ya yai, akakiweka katika chupa na kukilisha maji yaliyokamuliwa katika vifaranga wachanga wa namna hiyohiyo. Seli hizo zilitunzwa hata mwaka wa 1946, miaka miwili baada ya Carrel mwenyewe kufariki. Wataalamu wengine walipoona seli zao zikifa, hawakumshuku mtu mwenye sifa kubwa kama ile. Walilaumu vyombo vyao na chakula chao. Leo wengi hudhani kwamba maji yale yalikuwa na seli changa, hata kila moyo ulipolishwa ukaongezewa seli mpya.

Mwaka wa 1961 Leonard Hayflick na Paul Moorhead, wa Taasisi ya Wistar mjini Philadelphia, walionyesha ya kuwa seli za kawaida za binadamu hugawanyika mara 50 hivi, kisha husimama. Lakini wangejuaje kwamba ubovu haumo katika chupa? Walichanganya pamoja seli za kiume zilizokwisha kugawanyika mara 40 na seli za kike zilizogawanyika mara 10 tu. Katika chupa nyingine waliweka zile za kiume peke yake. Hizi ziliposimama, walitazama mchanganyiko wao, wakakuta seli za kike tu, nazo zinaendelea vyema. Chupa ilikuwa moja na chakula kimoja. Basi sababu ilikuwa ndani ya seli yenyewe. Jarida la kwanza walilolipelekea makala yao liliyakataa.

Sababu yenyewe ilijulikana baadaye. Ndani ya seli mna nyuzi za urithi, yaani kromosomu, na kila ncha yake ina kifuniko kiitwacho telomea, mfano wa ile ncha ngumu ya kamba ya kiatu. Kila seli igawanyikapo, telomea hupungua kidogo. Ikiwa fupi mno, walinzi wa seli, hasa protini iitwayo p53, huisimamisha seli isigawanyike tena. Kusimama huko hutukinga na saratani.

Saratani ianzapo, seli fulani huwa zimewapoteza walinzi hao. Huendelea kugawanyika huku ncha zikilika, hata kromosomu zikashikamana na kukatika. Katika dhiki hiyo karibu zote hufa. Moja moja, kwa nadra sana, huokoka kwa kuamsha telomerasi, kimeng'enya kirefushacho ncha upya, ambacho katika seli nyingi za mwili kimelazwa usingizi. Carol Greider, aliyekuwa bado mwanafunzi wa Elizabeth Blackburn, aliona dalili yake ya kwanza siku ya Krismasi mwaka wa 1984, katika kijidudu kiishicho majini. Kufikia mwaka wa 1994 kilikuwa kimeonekana katika uvimbe mwingi sana wa saratani za binadamu.

Kwa nguvu ya kimeng'enya hicho seli za Henrietta Lacks, mama Mmarekani mweusi aliyefariki mwaka wa 1951 kwa saratani ya mlango wa kizazi, zingali zikigawanyika katika maabara za dunia. Zilisaidia kujaribu chanjo ya polio. Lakini mwenyewe hakuombwa ruhusa, na hilo haliwezi kusifiwa.

Mwaka wa 2024 Marekani iliidhinisha imetelstat, dawa ya kwanza izuiayo telomerasi, kwa baadhi ya wagonjwa wa uboho wa mifupa waliokuwa wakiishi kwa kuongezewa damu.