Jinsi ya kuonyesha msimbo wa HTML bila kivinjari kuutekeleza

CHUKULIA mwalimu wa Siakago, Kaunti ya Embu, anayetaka kuwafunza wanafunzi wake kuandika Kĩmbeere katika wavuti. Lugha hiyo, sawa na Kikuyu, hutumia irabu ĩ na ũ, ambazo hazimo katika ISO 8859-1, orodha ya herufi iliyotawala kurasa za wavuti katika miaka ya 1990. Aliyezihitaji alilazimika kutaja nambari zake: &#297; kwa ĩ na &#361; kwa ũ. Neno mũndũ likawa m&#361;nd&#361;.

Ugumu huzuka mwalimu anapotaka kuonyesha msimbo wenyewe. Akiuchapa ulivyo, kivinjari huugeuza kuwa ũ, na mwanafunzi huona jibu asione njia. Vivyo hivyo, akiandika tagi <b>, yenyewe hutoweka na maneno yanayoifuata hukolezwa wino.

Sababu ni kwamba HTML, iliyobuniwa na Tim Berners-Lee katika kituo cha CERN, Uswisi, hutumia alama za kawaida kama amri. Alama < hufungua tagi, nayo & hutangulia jina au nambari ya herufi. Ili zisomwe kama maandishi tu, < huandikwa &lt; na > huandikwa &gt; ilhali & huandikwa &amp;. Kwa hiyo, ili msomaji aone &#361; mwalimu ataandika &amp;#361;.

Alama & ndiyo hubadilishwa kwanza. Anayeanza na < atapata &lt; na akiigeukia & baadaye, ataiharibu kazi yake iwe &amp;lt;. Kosa hilo huwapata hata wazoefu.

Aidha, HTML hukusanya nafasi nyingi na mistari mipya kuwa nafasi moja. Tagi <pre> huhifadhi mpangilio, nayo <code>, ikiwekwa ndani yake, hutambulisha kwamba maandishi hayo ni msimbo. Wengi hudhani <pre> pekee yatosha. La hasha; haizuii amri yoyote kutekelezwa.

Jambo jingine ni alama za kunukuu. Sisi wahariri hupenda zilizopinda, na programu za kuchapia huzipinda zenyewe. Lakini zikiingia katika msimbo, mwanafunzi atakayeunakili atahangaika bure kutafuta kosa lisilo lake.

Uzembe huu una gharama kubwa zaidi pale tovuti inapopokea maandishi ya wageni. Mnamo Oktoba 2005, msimbo wa Samy Kamkar ulipenya mianya ya uchujaji katika mtandao wa MySpace, ukaenea kwa kurasa zaidi ya milioni moja za wanachama kwa muda usiotimia siku moja.

Siku hizi ukurasa uliohifadhiwa kwa UTF-8 hupokea ĩ na ũ moja kwa moja, hivyo nambari 297 na 361 hazihitajiki tena. Alama < na & bado zina amri zake, na kila anayetaka kuzionyesha hana budi kuzibadilisha.