Laptopu ya bei nafuu kwa kazi ya paruasi: mambo ya kuangalia kabla ya kununua

Katika paruasi nyingi za Masisi na Walikale, orodha ya waliobatizwa, vyeti vya ndoa na hesabu za sadaka viko bado katika madaftari. Watu wanapokimbia vita, daftari laweza kubaki nyuma au kuungua, na muumini akiomba cheti chake hakuna pa kukitafuta. Ndiyo maana viongozi wanauliza: kwa pesa kidogo, tununue laptopu gani?

Mpya au iliyotumika?
Barua, ripoti na hesabu hazidai mashine ya bei kubwa. Kwa pesa ile ile, laptopu iliyotumika ofisini, kama Dell Latitude, HP EliteBook au Lenovo ThinkPad, mara nyingi ni imara kuliko mpya ya bei ya chini kabisa. Fundi pia huweza kuifungua na kubadilisha betri au diski.

Kwa sisi wa Rubaya kuna sababu nyingine. Ndani ya laptopu mna tantali, inayotoka katika koltani. Umoja wa Mataifa unakadiria kwamba machimbo ya Rubaya hutoa karibu asilimia 15 ya tantali ya dunia. Tunajua jasho na vifo vilivyo nyuma ya madini hayo. Mashine iliyokwisha kutengenezwa, ikitunzwa miaka mingine mitano, haidai madini mapya.

Mambo matano ya kukagua
1. *Kumbukumbu (RAM):* jigabaiti 8. Kwa 4 utachoka kungoja.
2. *Diski:* aina ya SSD, jigabaiti 256. Haina kitu kinachozunguka ndani, hivyo inavumilia zaidi mitikiso ya pikipiki barabarani.
3. *Prosesa:* Microsoft ilimaliza huduma ya kawaida ya usalama kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 hudai Intel ya kizazi cha 8 au zaidi: i5-8250U inafaa, i5-7200U haikubaliki. Kama mashine ni ya zamani, weka Linux pamoja na LibreOffice. Zote mbili ni za bure, na LibreOffice hufungua barua za Word.
4. *Betri:* kwenye Windows, mwambie muuzaji aandike amri `powercfg /batteryreport`. Ripoti hiyo inaonyesha uwezo wa betri ilipotoka kiwandani na uwezo wake wa sasa. Ikiwa umebaki chini ya nusu, hesabu pia bei ya betri mpya.
5. *Chaja na kibodi:* chaja iwe imeandikwa 100–240 V. Kibodi iwe ile ambayo katibu ameizoea. Wengi wetu tulijifunza kwa AZERTY.

Umeme
Laptopu ikifanya kazi ya kuandika hutumia karibu wati 20. Saa tano ni wati-saa 100, mzigo ambao sola ndogo yenye betri nzuri inauweza. Kompyuta ya mezani pamoja na kioo chake hula mara kadhaa zaidi.

Kulinda majina ya watu
Laptopu moja bila nakala ni sawa na daftari moja: ikiibiwa, yote yamekwenda. Wekeni nakala katika flashi kwa mzee mwingine wa kanisa, na nyingine mbali, kwa mfano kwa ndugu wa Goma. Tumieni neno la siri. Msiandike humo habari ambazo zingemletea muumini hatari kama zingeanguka mikononi mwa watu wabaya.

Kabla ya kutoa pesa
Halmashauri iketi na kuhesabu gharama yote, kama yule mjenzi wa mnara katika Luka 14: mashine, betri, flashi, mfuko na fundi. Kisha mashine iandikwe katika orodha ya mali ya paruasi, na ajulikane mtu mmoja anayeijibia. Vifaa vingi vya kanisa hupotea kwa sababu kila mtu alidhani vinatunzwa na mwingine.