Mashine Iliyopanga Oda za DEC

Mwaka 1980, katika kiwanda cha Digital Equipment Corporation (DEC) huko Salem, jimbo la New Hampshire nchini Marekani, programu ya akili mnemba ilianza kufanya kazi ambayo hadi wakati huo ilikuwa ya mafundi wazoefu peke yao. Ilisoma oda ya mteja aliyetaka kompyuta ya VAX, ikakagua kama vifaa vyote vimeorodheshwa, ikaongeza vilivyosahaulika, kisha ikaonyesha namna kila kimoja kitakavyokaa kabatini na kuunganishwa na vingine. Programu hiyo iliitwa R1, baadaye XCON. Wenye biashara wanaojiuliza leo wanunue mashine ipi yenye akili zaidi wana mengi ya kujifunza kwake, kwa sababu si werevu wake ulioamua mafanikio yake. Yaliyoamua ni mambo mawili: kwamba waliokabidhiwa programu hiyo ndio waliokuwa wakiumizwa na tatizo lenyewe, na kwamba kampuni ilikubali kuihudumia mwaka hadi mwaka.

Tatizo lilikuwa kubwa kweli. VAX ya kwanza, iliyotoka mwaka 1977, haikuuzwa ikiwa kamili ndani ya boksi. Mteja alichagua kumbukumbu, diski, vituo vya kuchapia na vifaa vingine kadiri ya mahitaji na mfuko wake, hivyo oda mbili hazikufanana kwa urahisi. Kebo moja ikikosekana, au kifaa kikizidi nguvu ya umeme ya kabati lake, mzigo wote haufanyi kazi. Ili kuepuka aibu hiyo, kampuni ilikuwa ikiiunganisha mashine nzima kiwandani, inaijaribu, inaifungua tena na ndipo inaisafirisha. Programu za kawaida zilikwisha kujaribiwa zikashindwa, maana masharti ya vifaa yalikuwa mengi na hayakutulia. Mwishoni mwa 1978 John McDermott, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, aliingia kazini kwa njia nyingine. Aliwahoji mafundi wa DEC na kuandika ujuzi wao kwa kanuni fupi fupi: ikiwa hali ni hii, fanya hili. Kabla haijaaminiwa, programu ilipewa oda 50, na wataalamu sita wakakaa na kila jibu lake kwa saa moja au mbili. Makosa 12 ya ujuzi yalifichuliwa, yakarekebishwa, na oda zilizohusika zikarudiwa. Naipa hatua hii uzito mkubwa, kwani wale waliokuwa na haki ya kuikataa mashine ndio waliopewa kazi ya kuikosoa, na walichokisema kilibadilisha kanuni zake.

Kazi ngumu zaidi ilikuja baadaye. McDermott na wenzake walitarajia kwamba ujuzi unaohitajika ungefika kikomo, lakini haukufika. Kila diski mpya iliyoingia sokoni ilidai kanuni mpya na kugusa za zamani. Kanuni zilizoanza zikiwa mia kadhaa zilipita 3,000 kufikia 1984 na 6,000 miaka michache baadaye, na karibu nusu yake zilihitaji kubadilishwa kila mwaka. DEC haikukiachia chuo mzigo huo. Iliunda kikundi chake, ikawafunza watu wake, na baadaye ikagharamia kuandikwa upya kwa programu ili iweze kutunzika. Katikati ya miaka ya 1980 XCON ilikuwa imeshughulikia oda zipatazo 80,000, usahihi wake ukitajwa kuwa zaidi ya asilimia 95, na akiba ikikadiriwa kuwa dola milioni 25 kwa mwaka. Akiba hiyo haikuwa zawadi ya teknolojia. Ililipiwa kwa mishahara ya watu waliokesha na kanuni.

Ushahidi ulio wazi zaidi unatoka ndani ya kampuni hiyohiyo. Baada ya XCON kukubalika kiwandani, DEC ilitengeneza programu dada, XSEL, ili wauzaji wapange oda sahihi wakiwa bado na mteja. Ujuzi ulikuwa wa chanzo kilekile, na wauzaji walishirikishwa katika kuibuni. Hata hivyo, wengi wao waliiacha. Muuzaji alipimwa kwa thamani ya mauzo. Kosa la kebo lilimfikia fundi wa kiwandani, si yeye. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Kumwomba muuzaji atumie muda wake kuponya maumivu ya idara nyingine, bila kubadilisha namna anavyopimwa, lilikuwa ombi ambalo werevu wa programu usingeweza kulitimiza.

Atakayenipinga atasema kwamba mashine za leo haziandikiwi kanuni kwa mkono, zinajifunza zenyewe kutokana na data. Ni kweli, na tofauti hiyo imepunguza sana gharama ya kuanza. Lakini data ni kumbukumbu ya mambo yaliyopita. Bei ikibadilika, bidhaa ikiondolewa sokoni au sheria mpya ikipitishwa, mashine iliyojifunza ya jana itajibu ya jana, tena kwa ufasaha unaoficha kosa. Bado anahitajika mtu mwenye dhamana ya kulikamata kosa hilo. Na suala la nani anapimwa kwa nini halina uhusiano wowote na namna mashine ilivyojifunza.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba DEC yenyewe ilianguka, ikanunuliwa na Compaq mwaka 1998. Basi yafaa nini kuisifu? DEC ilishindwa kwa sababu ilichelewa kuona kwamba kompyuta ndogo na za bei nafuu zingelinyakua soko lake. Hakuna programu ya kupanga oda ambayo ingeponya uamuzi wa aina hiyo, na ni kosa kuidai kazi hiyo. Linganisha badala yake na kampuni nyingi za miaka hiyo zilizonunua akili mnemba kwa sababu ya mvumo wake. Mwaka 1987 soko la kompyuta maalumu zilizotengenezwa kwa ajili ya programu kama hizo liliporomoka, na miradi mingi ikatupwa. Mwishoni mwa muongo huo XCON ilikuwa bado inapokea oda za DEC, na kikundi chake bado kinabadilisha kanuni.