Sandarusi na Radi



Mtu yeyote aliyelala Bukoba wakati wa masika amezisikia ngurumo za alfajiri. Usiku upepo wa nchi kavu huvuma kutoka pande zote kuelekea katikati ya Ziwa Viktoria. Hapo pepo hukutana, hewa yenye mvuke hupanda juu, na mawingu hujengeka. Kisha upepo wa mashariki huyasukuma mpaka ukingo wetu wa magharibi, nayo hutumwagia mvua ambayo kwa mwaka hukaribia milimita 2000. Wazee wa Buhaya walisema kwamba bwana wa maji na dhoruba ni Mugasha. Jirani zao Waganda walimtaja Kiwanuka kuwa ndiye mwenye radi. Leo napenda kuzungumza nanyi juu ya jinsi wanadamu walivyopata kujua radi ni kitu gani. Habari hiyo haikuanzia mawinguni, bali ilianza na kipande cha utomvu mkavu.

Yapata miaka 600 kabla ya kuzaliwa kwake Kristo, Wayunani walitambua ya kuwa kaharabu, yaani utomvu wa miti ya kale uliogeuka kuwa kama jiwe, ikisuguliwa huvuta vitu vyepesi. Pwani yetu inaye ndugu wa kaharabu, naye ni sandarusi, iliyochimbwa ardhini na kuuzwa Unguja kwa wingi katika karne ya 19, ikapelekwa Ulaya na Marekani kutengenezewa vanishi. Sugua sandarusi kwa kitambaa cha sufu, kisha uisogeze karibu na vijinyuzi vikavu vya mgomba: utaviona vikiirukia. Asiye na sandarusi na achukue kitana cha plastiki, akipitishe katika nywele kavu. Lakini jaribio hili lifanywe wakati wa kiangazi, kwa kuwa unyevu wa masika huiondoa nguvu hiyo upesi.

Miaka zaidi ya 2000 ilipita kabla mtu hajaichungua sana ajabu hii. Hata mwaka 1600 William Gilbert, tabibu wa Uingereza, akachapisha kitabu akionyesha kwamba kioo, kiberiti na vitu vingine vingi vina tabia ile ile. Akaipa jina kutokana na neno la Kiyunani la kaharabu, elektron. Mwaka 1729 Stephen Gray akaona kwamba nguvu hii yaweza kusafiri mbali kwa kupita katika kamba na waya. Naye Charles du Fay, Mfaransa, akatambua mwaka 1733 ya kuwa iko namna mbili: zilizo za namna moja hufukuzana, na zilizo mbalimbali huvutana. Baadaye Benjamin Franklin wa Marekani akaziita chanya na hasi.

Sababu yake ilifahamika vema baada ya mwaka 1897, J. J. Thomson alipovumbua elektroni, chembe ndogo mno zilizomo katika kila kitu. Kusugua hakuumbi umeme; huhamisha elektroni tu. Fikirini ndugu wawili wenye mikungu ya ndizi sawasawa. Mmoja akimpa mwenziwe mkungu mmoja, huyu amezidi na yule amepungua, lakini ndizi hazikuongezeka. Ndivyo ilivyo: kitu kilichopokea elektroni huwa na chaji hasi, na kilichopoteza huwa na chaji chanya.

Na mawinguni ndivyo ilivyo pia. Juu sana, hata hapa penye joto, maji huganda. Chembe nyepesi za barafu hugongana na zile nzito: nyepesi hupanda zikiwa na chaji chanya, nzito husalia chini zikiwa na chaji hasi. Tofauti ikizidi mno, hewa hushindwa kuizuia, na cheche kubwa hupita. Hiyo ndiyo radi, cheche ya kitana iliyokuzwa.

Ukweli huu ulithibitishwa mwaka 1752. Mwezi wa Mei, karibu na Paris, watu wa Thomas Dalibard waliitoa cheche katika fimbo ndefu ya chuma wingu lilipopita juu yake. Mwaka huo huo Franklin akarusha tiara penye mawingu ya radi. Lakini mwaka 1753 Georg Richmann, mtaalamu wa Saint Petersburg, alipokuwa akiupima umeme wa mawingu, akauawa nao. Maarifa haya yalinunuliwa kwa roho ya mtu.

Tusidhani kwamba Ulaya haikuwa na hofu. Huko walizoea kupiga kengele za makanisa ili kuitawanya radi. Kitabu kilichochapwa Munich mwaka 1784 kilieleza kwamba katika miaka 33 wapiga kengele zaidi ya 100 waliuawa na radi, wakiwa wameshika kamba mkononi, chini ya mnara mrefu kuliko nyumba zote.

Kwetu pia ujinga huu una gharama. Tarehe 28 Juni 2011, katika shule ya Runyanya, wilaya ya Kiryandongo huko Uganda, radi iliwaua wanafunzi 18. Msiba wa namna hii ukitokea, wengi huuliza, "Ni nani aliyeituma?" Kisha bibi mzee asiye na kosa huanza kutazamwa kwa jicho baya. Swali lililo bora ni hili: Je, nyumba ile ilikuwa na fimbo ya chuma na waya wa kuipeleka radi mpaka ardhini, kama alivyofundisha Franklin?

Liko na jambo jingine. Wengi huogopa kumgusa aliyepigwa na radi, wakidhani umeme ungali ndani yake. Sivyo. Chaji imekwisha kupita. Mwili wake hauna madhara kwa amshikaye. Iwapo hapumui, kifua chake na kibanwe kwa nguvu na kwa haraka, tena na tena, na apuliziwe pumzi mdomoni, huku mwingine akikimbilia tabibu. Huenda akarudi katika uhai. Aachwapo peke yake kwa hofu, hufa mtu ambaye jirani zake walikuwa na uwezo wa kumwokoa.