Merikani: Nguo, Ushuru na Mkopo katika Biashara ya Zanzibar ya Karne ya 19

Katikati ya karne ya 19, nguo ya pamba isiyopaushwa iliyofumwa katika viwanda vya Massachusetts na majimbo jirani ya Marekani ilikuwa imeenea kutoka bandari ya Zanzibar hadi Ujiji, kando ya Ziwa Tanganyika, na watu wa pwani na wa bara waliiita merikani. Nguo hiyo ilivaliwa, na zaidi ya kuvaliwa ilitumika kama fedha, kwa kuwa kwayo wafanyabiashara wa misafara walinunulia pembe za ndovu na chakula cha njiani, wakawalipa wapagazi, na wakatoa hongo, yaani ada ambayo watemi waliwatoza wasafiri waliopita katika nchi zao. Misingi ya biashara ya kimataifa, ikiwa ni mkataba, ushuru, sarafu, mkopo na matakwa ya mnunuzi, yote inaonekana katika historia ya nguo hii moja, na pamoja nayo linaonekana jambo ambalo mafundisho ya biashara hupenda kulipita upesi: kwamba aliyeishika forodha na daftari la madeni ndiye aliyeishika biashara yenyewe, hata kama hakuwahi kujitwika mzigo wala kusafiri baharini.

Pwani ya Afrika Mashariki ilikuwa imefanya biashara na Uarabuni, Uajemi na Bara Hindi kwa karne nyingi kabla ya meli za Marekani kufika, kwa kufuata pepo mbili zinazobadilishana kila mwaka, kaskazi iliyoleta majahazi kuanzia Desemba na kusi iliyoyarudisha baada ya mvua za masika kuanza. Jambo jipya katika karne ya 19 lilikuwa mkataba wa maandishi baina ya dola na dola. Tarehe 21 Septemba 1833, mjumbe wa Marekani Edmund Roberts alitia saini mjini Muscat mkataba wa urafiki na biashara na Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Zanzibar, na humo ilikubaliwa kwamba meli za Marekani zitalipa ushuru usiozidi asilimia 5 ya thamani ya shehena inayoshushwa, bila kutozwa chochote zaidi kwa kuingiza bidhaa, kuzitoa au kutia nanga. Mkataba huo ulikuwa pia na sharti ambalo hadi leo ni nguzo ya mikataba ya biashara duniani, kwamba Wamarekani hawatatozwa zaidi ya wanavyotozwa raia wa taifa linalopendelewa kuliko yote. Uingereza ilipata mkataba wake mwaka 1839, Ufaransa mwaka 1844, na miji ya Kijerumani ya Hamburg, Bremen na Lübeck mwaka 1859.

Masharti hayo yalimfungulia Sayyid Said masoko makubwa, lakini yalimfunga mikono kwa njia ambayo pengine haikuonekana wazi siku ya kutia saini. Mtawala aliyekwisha kuahidi asilimia 5 kwa mgeni mmoja, na kuwaahidi wageni wengine usawa naye, hakuwa tena na uwezo wa kupandisha ushuru wa bidhaa za nje pale hazina ilipopungukiwa au pale alipotaka kuilinda kazi ya mafundi wa nchi yake. Mzigo wa kodi ulilazimika kuhamia kwingine, nao ukahamia kwa bidhaa zilizotoka bara kabla hazijamfikia mnunuzi wa kigeni: pembe zilitozwa kwa frasila, kipimo cha uzito cha takribani kilo 16, na kiwango kilitofautiana kulingana na mahali zilikotoka, zile za Unyamwezi zikilipiwa zaidi kuliko nyingi nyingine. Sayyid Said alifaulu kuhifadhi jambo moja muhimu, kwa sababu mkataba wa Uingereza wa 1839 ulikubali kwamba biashara ya pembe na sandarusi (utomvu mgumu) katika Mrima, yaani pwani inayoikabili Zanzibar hadi kuelekea Kilwa, ibaki haki yake peke yake, na kwa hiyo mgeni aliyezitaka bidhaa hizo alipaswa kuzinunua kisiwani.

Serikali ya Sayyid Said haikukusanya ushuru kwa watumishi wake yenyewe. Forodha ilikodishwa, maana yake mfanyabiashara aliahidi kumlipa Sultani kiasi maalumu kila mwaka, kisha akakusanya ushuru kwa niaba yake na kubaki na kilichozidi. Kwa miaka mingi aliyekodi alikuwa Jairam Shivji, Mhindi wa jamii ya Wabhatia wa Kutch, na malipo ya kukodi yalipanda kutoka chini ya riale 100,000 kwa mwaka mwanzoni mwa miaka ya 1830 hadi kupita riale 300,000 kufikia miaka ya 1870. Riale hiyo ilikuwa sarafu ya fedha ya Austria yenye sura ya malkia Maria Theresa, ambayo iliendelea kupigwa ikiwa na mwaka 1780 muda mrefu baada ya malkia huyo kufariki, na ambayo wafanyabiashara wa Bahari ya Shamu na Bahari ya Hindi waliiamini kwa sababu uzito wake haukubadilika. Jairam alikuwa mkusanyaji wa ushuru na papo hapo mkopeshaji mkuu wa mji, Sultani mwenyewe akiwa miongoni mwa wadeni wake. Richard Waters wa Salem, bandari ya Massachusetts, aliyefika mwaka 1837 akiwa konseli wa kwanza wa Marekani na wakati huohuo mfanyabiashara, alishirikiana naye kwa karibu kiasi kwamba washindani wao walilalamika kuwa hawapati nafasi, na malalamiko hayo yalikuwa na msingi, kwa kuwa meli yoyote ilitegemea watu wa forodha kushusha na kupakia shehena yake.

Nguo za Salem zilikabidhiwa wafanyabiashara wa Kihindi wa Zanzibar kwa mkopo, nao wakazilipia baada ya miezi kwa pembe, sandarusi, ngozi na karafuu. Wafanyabiashara hao nao waliwakopesha viongozi wa misafara, Waarabu na Waswahili, ambao walivuka hadi Bagamoyo au Saadani, wakaajiri wapagazi, wengi wao Wanyamwezi waliozoea kubeba takribani frasila mbili kila mmoja, na wakaelekea Unyanyembe karibu na Tabora na kuendelea mbele, safari ambayo kwa kwenda na kurudi mara nyingi ilizidi mwaka. Hata Hamed bin Muhammed el Murjebi, maarufu kwa jina la Tippu Tip, aliendesha biashara yake ya Kongo kwa bidhaa za mkopo kutoka kwa mfanyabiashara wa Kihindi Taria Topan, ambaye baadaye naye aliikodi forodha. Kwa kuwa mkopaji angeweza kufa njiani, kunyang'anywa au kutorudi kabisa, bidhaa ziliandikwa katika deni kwa bei iliyozidi sana bei ya taslimu, na tofauti hiyo ndiyo iliyokuwa bima na riba kwa pamoja. Ni lazima pia isemwe wazi kwamba nguo na mkopo uleule vilinunua watu, waliopelekwa katika mashamba ya mikarafuu ya Unguja na Pemba na ng'ambo ya bahari, hadi mkataba wa tarehe 5 Juni 1873, ambao Sayyid Barghash, Sultani wa wakati huo, aliukubali kwa shinikizo la Uingereza, ulipofunga soko la watumwa la Zanzibar. Na hata hapo utumwa wenyewe haukuisha.

Sandarusi, utomvu mgumu uliochimbwa ardhini Mrima na kutumika ng'ambo kutengenezea vanishi, inaonyesha jinsi sheria ya nchi moja inavyohamisha kazi ya nchi nyingine. Kwa miaka mingi ilisafirishwa ikiwa na udongo wake na kusafishwa Salem, katika kiwanda kilichowapa watu wa huko ajira, lakini Marekani ilipoweka mwaka 1861 ushuru mzito juu ya sandarusi isiyosafishwa, kiwanda kilikosa faida na kazi ya kuiosha ikabaki Afrika.

Huko bara, mnunuzi hakupokea kila alicholetewa. Merikani ilipimwa kwa mkono, kuanzia kiwiko hadi ncha ya kidole. Mikono minne ilifanya shuka, mashuka mawili yakafanya doti, na doti kadhaa zikawa gora, na muuzaji aliyepunja kipimo aligunduliwa upesi. Ushanga ulikuwa mgumu zaidi, kwa sababu rangi iliyopendwa katika nchi moja ilikataliwa katika nchi ya jirani, na msafara uliokosea kuchagua ungeweza kubaki na mizigo isiyonunua hata mtama wa chakula cha jioni. Habari za mapendeleo hayo zilirudi Zanzibar, zikaandikwa katika barua za mawakala na kuwafikia wenye viwanda wa ng'ambo, hivyo kwamba mwanakijiji wa Unyamwezi alikuwa na sauti, ingawa ya mbali, katika uamuzi wa nini kifumwe na kwa uzito gani. Mchango huu wa wanunuzi wa Afrika unastahili nafasi kubwa kuliko uliyopewa katika historia nyingi za biashara ya dunia.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vya 1861 hadi 1865 vilikatiza ugavi wa pamba na nguo zikaadimika Zanzibar. Nguo za Uingereza na India zilizoiga ile ya Marekani ziliingia kuziba pengo, na baada ya vita Wamarekani walijaribu kurudi, lakini viwanda vya Bombay, vilivyoanza kujengwa miaka ya 1850, vilikuwa karibu zaidi na vilihudumiwa na familia zilezile za Kihindi zilizoshika biashara ya Zanzibar. Kufunguliwa kwa mfereji wa Suez mwaka 1869, kuanza kwa safari za meli za moshi za kampuni ya British India mwaka 1872 na kufika kwa telegrafu kwa waya wa baharini mwaka 1879 kulipunguza faida ya yule aliyejua bei kabla ya mwenzake. Watu waliendelea kuita nguo hizo merikani, ingawa sasa nyingi zilitoka Bombay.

Mabadiliko ya nguo hayakuiangusha Zanzibar. Iliangushwa na kuondokewa na forodha. Kwa mkataba wa Aprili 1888, Sultani Sayyid Khalifa bin Said aliikabidhi kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki usimamizi wa bandari za Mrima pamoja na ushuru wake, na maofisa wa kampuni hiyo walipowasili Agosti kuchukua madaraka, watu wa Pangani walikataa, na vita vikaenea pwani, vikiongozwa na Abushiri bin Salim na, upande wa Saadani, Bwana Heri. Abushiri alinyongwa Pangani mwezi Desemba 1889. Katika makubaliano ya mwaka uliofuata, Ujerumani iliichukua pwani hiyo moja kwa moja na kumlipa Sultani fidia ya mark milioni 4, na pembe za Unyamwezi, ambazo kwa miaka zaidi ya 50 zilikuwa zimelipiwa ushuru Zanzibar, zikaanza kulipiwa Bagamoyo kwa serikali ya Wajerumani.